Grafu imeanguka, watu hawajaondoka: kusoma kanzidata za wakimbizi ukiwa Tabora

Swali: "Shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili hapa Tabora na tasnifu yangu inahusu wakimbizi wa Burundi walioko Ulyankulu. Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo la utafiti mara mbili. Anasema nimeegemea magazeti na maneno ya watu, niende kwenye kanzidata za kitaaluma. Nimeingia, lakini makala nyingi zinadai dola, na takwimu za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, nilizopakua zinanichanganya. Mwishoni mwa 2008 Tanzania ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 320,000, mwaka mmoja baadaye hawafiki 120,000. Hao laki mbili walikwenda wapi? Nilikuwa mtoto Kaliua wakati huo na sikuona mtu akihama. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Anzia hapo hapo ulipoishia: "sikuona mtu akihama." Nimeisoma barua yako hapa Kigoma mara tatu na kila mara nimesimama kwenye sentensi hiyo, kwa sababu tasnifu yako imelala ndani yake. Umekuta jedwali linasema jambo moja na macho yako ya utotoni yanasema jingine, na hukukimbilia kuamini kwamba jedwali ndilo lenye haki. Msimamizi wako ana haki kukupeleka kwenye kanzidata. Ila usiende huko kama mtu anayekwenda kuchota maji kisimani. Nenda kama anayekwenda kumhoji shahidi.

Basi tuwahoji hao laki mbili.

Sehemu yao walirudi Burundi kweli, wengi wakitoka makambi ya huku Kigoma. Lakini sehemu kubwa haikwenda popote. Mwaka 2007 wale walioingia nchini kufuatia mauaji ya Burundi ya 1972 waliandikishwa upya katika makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakaulizwa wachague: kurejea kwao au kuomba uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni aliyeuomba. Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki. Maombi yakapitishwa, na waliopata uraia kwa mpango huo ni zaidi ya 162,000. Mtu akishapewa uraia si mkimbizi tena, kwa hiyo mwenye kutunza takwimu akamfuta kwenye safu ya wakimbizi. Grafu ikaanguka kama jiwe, ilhali mwenyewe yuko pale pale Ulyankulu, analima tumbaku yake, na mwanawe huenda ndiye uliyekaa naye dawati moja.

Kisha kuna jambo ambalo safu hiyo haikuonyeshi hata kidogo. Vyeti vya uraia havikutoka pamoja na uamuzi. Serikali ilitaka kwanza watu hao wahamishwe kutoka kwenye makazi na kutawanywa mikoa mingine, mpango ukakwama, na vyeti vikaanza kugawiwa 2014 baada ya mpango wa kuwahamisha kuwekwa kando. Kwa hiyo kuna miaka kadhaa ambapo watu laki moja na nusu na ushei walikuwa wameshatoka kwenye takwimu za wakimbizi na hawajashika karatasi ya kuwaonyesha kuwa ni Watanzania. Ukitazama grafu peke yake utaandika kwamba tatizo liliisha 2009. Ukiongea na mzee wa Ulyankulu atakwambia miaka hiyo ndiyo ilikuwa migumu kuliko yote. Weka vitu hivyo viwili mezani pamoja, tayari una swali la utafiti lililo bora kuliko lile la pendekezo lako.

Sasa rudi kwenye faili ulilopakua. Kanzidata ya takwimu ya UNHCR, ile inayoitwa Refugee Data Finder, ina namba tangu 1951, na kila mstari una mwaka, nchi anakotoka mtu, nchi aliyoomba hifadhi, kisha safu za makundi: wakimbizi, waomba hifadhi, waliorejea, wakimbizi wa ndani, wasio na utaifa, na safu moja ya watu wengine ambao shirika bado linawaangalia. Wanafunzi wengi wanaichukua safu ya wakimbizi, wanatengeneza grafu na kufunga faili. Usifanye hivyo. Fungua safu zote kwa miaka ileile, kwa sababu watu wanaotoka kundi moja mara nyingi huangukia jingine. Safu ile ya "wengine" ndiyo ya kwanza kuitazama kila unapoona anguko la ghafla. Halafu soma maelezo ya chini ya majedwali katika vitabu vya takwimu vya mwaka husika. Maelezo hayo ni ya herufi ndogo na hayana mvuto, lakini ndiyo yanayokuambia nani kahamishwa na kwa nini.

Kumbuka pia kwamba namba ya mwaka ni ya watu waliohesabiwa kuwapo siku moja, tarehe 31 Desemba. Haikuambii wangapi waliingia na wangapi walitoka katikati. Na uhakiki ukifanyika kambini, wale walioondoka kimya kimya miezi mingi nyuma wanafutwa wote kwa mpigo, nawe unayesoma unadhani kuna msafara mkubwa uliovuka mpaka wiki ile. Tarakimu ndogo nazo zimekadiriwa hadi kwenye tano iliyo karibu ili mtu mmoja mmoja asitambulike, hivyo usishangae jumla zikikosana kidogo.

Nikupe picha ya namna namba inavyozaliwa. Mei 2015 watu wa Burundi walikuwa wakimiminika Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa mkoa wetu ambacho hukifikii ila kwa mashua au kwa njia ya miguu juu ya mlima. Kipindupindu kililipuka. Meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini kundi kwa kundi, wakapumzishwa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Siku moja nilikuwa bandarini wanashuka. Karani mmoja alikuwa na daftari la shule, anachora vijiti vinne, cha tano anakilaza juu yake, na kila mtu anayekanyaga gati anapata kijiti chake. Akapita mama mmoja na sufuria kichwani, kijiti. Mgongoni kwake kulikuwa na mtoto, na mwingine kashika upindo wa kanga yake upande ule ambao karani haoni. Kijiti kilikuwa kimoja. Karani hakuwa mzembe. Alikuwa amesimama tangu alfajiri na nyuma ya yule mama kulikuwa na mamia. Naamini yule mtoto alihesabiwa baadaye kwenye uandikishaji rasmi. Lakini ripoti ya jioni ile iliandikwa kutokana na daftari lile.

Ingia leo ReliefWeb, kanzidata ya ripoti za misaada inayoendeshwa na OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, andika Kagunga, chuja kwa Mei 2015. Utakuta ripoti za wiki moja zikitaja idadi zinazopishana kwa maelfu. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alihesabu waliofika kijijini, mwingine walioshuka Kigoma, wa tatu waliokwisha kuandikishwa Nyarugusu. Kazi yako ni kuandika, kando ya kila namba unayoitumia, nani alihesabu, wapi, siku gani, na alikuwa anahesabu nini. Usipofanya hivyo, hata namba sahihi itakuwa ya uongo ndani ya tasnifu yako.

Tukija kwenye kutafuta makala. Tatizo la Ulyankulu ni kwamba ramani imebadilika huku nyaraka zikibaki na majina ya zamani. Wilaya ya Kaliua ni ya 2012. Kabla yake, Ulyankulu ilikuwa Urambo. Katumba na Mishamo leo ni Katavi, lakini maandishi ya nyuma yote yanasema Mpanda, mkoa wa Rukwa. Congo kati ya 1971 na 1997 iliitwa Zaire, na ukiandika "Congo" bila kuangalia unaweza kuchanganyiwa na ile ya Brazzaville. Tena Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa lugha ya wataalamu hazikuwa kambi, zilikuwa makazi: watu waligawiwa mashamba na kutarajiwa kujilisha. Ukitafuta kwa neno la kambi peke yake, nusu ya maandishi yatakupita.

Kwa hiyo usianze na sentensi ndefu ya Kiingereza iliyonakiliwa kutoka kwenye kichwa cha tasnifu. Anza na majina ya mahali. Katika kanzidata nyingi unaweza kuandika hivi: (Ulyankulu OR Katumba OR Mishamo) AND Burundi*. OR inaleta chochote kati ya vitatu, AND inalazimisha Burundi iwemo, na hiyo nyota inakubali neno liendelee na viambishi vyake. Mabano ni ya lazima. Sababu ya kuifunga Katumba na Burundi ni kwamba kuna Katumba nyingine nchini na utaletewa habari za chai. Google Scholar haijali nyota, huko andika maneno yenyewe. Rudia utafutaji uleule kwa Kifaransa, "réfugiés burundais", maana wasomi wa Burundi wameandika mengi kwa lugha hiyo na wanafunzi wetu hawayagusi.

Ukipata makala moja nzuri, usikimbilie nyingine mara moja. Tazama marejeo yake kwenda nyuma, kisha chini ya jina lake kwenye Google Scholar bofya orodha ya waliomnukuu kwenda mbele. Makala mbili au tatu za msingi zikifuatiliwa hivyo zitakupa zaidi ya siku nzima ya kubahatisha maneno. Na weka daftari: tarehe, kanzidata, maneno uliyoandika, matokeo mangapi, uliyoyachukua. Msimamizi akikuuliza ulitafutaje, unamfungulia.

Kuhusu dola, usilipe. Nasema kwa mkazo kwa sababu nimeona mwanafunzi akikopa ili anunue makala ambayo ilikuwa bure kurasa mbili mbele. Muulize kwanza mkutubi wa chuo chako kama taasisi imejisajili Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala za kitaaluma. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi kitu, na kwa upande wa sheria na sayansi ya jamii kuna programu yake inayoitwa GOALI. Kama haijajisajili, mwombeni kwa barua, kikundi kizima cha wanafunzi. Wewe binafsi unaweza kufungua akaunti ya bure JSTOR, hifadhi ya majarida ya kitaaluma, na kusoma makala hadi 100 kwa mwezi papo hapo mtandaoni bila kuzipakua. Majarida ya Afrika yako kwenye tovuti ya AJOL. Majarida ya Forced Migration Review ya Oxford na Refuge ya Canada ni bure kabisa, na la kwanza lina makala fupi zinazofaa mtu wa bando dogo. Makala za Journal of Refugee Studies nyingi zimefungwa, lakini tafuta jina la makala pamoja na la mwandishi: mara nyingi toleo la awali liko wazi kwenye tovuti ya chuo chake. Likikosekana, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari mitano, kwa adabu, useme unafanya nini na uko wapi. Wengi hujibu, na mwanafunzi aliye karibu na Ulyankulu ni mtu wanayetamani kusikia kutoka kwake. Tasnifu za wenzako wa Chuo Kikuu Huria na za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina kituo chake cha kuchunguza masuala ya uhamaji wa kulazimishwa, zimewekwa mtandaoni pia. Zisome, usianze kana kwamba hakuna aliyewahi kupita.

Nyaraka za sheria ziko Refworld, kanzidata ya sheria ya UNHCR. Humo tafuta Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya 2003, usome maandishi yenyewe badala ya kunukuu aliyenukuu.

Lakini kama ningelazimishwa kukuchagulia chanzo kimoja tu, nisingechagua hata kimoja kati ya hivyo. Ningekupeleka kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge letu. Ziko kwenye tovuti ya Bunge, ziko kwa Kiswahili, hazilipiwi, na watafiti wa nje hawazijui au hawawezi kuzisoma. Chukua hotuba za bajeti za Wizara ya Mambo ya Ndani kuanzia 2007 hadi 2015, tafuta "wakimbizi", "tajnisi" na "Ulyankulu", kisha soma maswali ya wabunge wa Tabora, Kigoma na Rukwa na majibu ya mawaziri. Humo utaona serikali ikieleza kwa maneno yake yenyewe kwa nini watu wahamishwe, kisha kwa nini wasihamishwe. Utaona mbunge akiuliza nani atawajengea raia hao barabara. Na makazi yale leo ni jimbo la uchaguzi, Ulyankulu, tangu 2015, kwa hiyo sauti inayotoka huko Bungeni si tena ya kuwazungumzia wageni. Hakuna kanzidata ya Geneva wala Oxford itakayokupa hilo.

Jambo jingine linanikera na lazima niliseme. Tafiti nyingi zenye hesabu kuhusu athari za wakimbizi kwa wenyeji Tanzania zimejengwa juu ya tukio la 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara, mkoani Kagera, ndani ya takriban siku moja. Jennifer Alix-Garcia na David Saah, kwa mfano, walichunguza mwaka 2010 jinsi bei za vyakula zilivyobadilika karibu na makambi, na kazi yao ni ya makini. Lakini mwanafunzi anaichukua na kuibandika Ulyankulu kana kwamba Kagera ya 1994 na Tabora ya 1972 ni mahali pamoja. Huko kulikuwa na chakula cha msaada na mabanda ya plastiki. Kwenu kulikuwa na jembe, pori la kufyeka na mashamba ya kudumu. Nukuu utafiti huo kwa njia, si kwa matokeo.

Na wapo wasiohesabiwa kabisa. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, ambaye kitabu chake kilitoka 1995, aliishi kati ya Warundi wa Mishamo na wa Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980. Aliona kwamba wale wa makazini walijitambua kwa ukimbizi wao na historia yao, ilhali wa mjini walijichanganya, wakaoa na kuolewa, wakabeba majina na utambulisho mwingine, na wengi hawakutaka kuitwa wakimbizi. Watu hao wa mjini hawamo kwenye safu yoyote. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo kanzidata inavyofanya kazi: inamwona aliyeandikishwa. Tabora mjini nako wapo, na utafiti wako ukiwaacha useme wazi kwamba umewaacha.

Hapo ndipo nakuomba uangalie tena kichwa cha tasnifu yako. "Wakimbizi wa Burundi walioko Ulyankulu." Wengi wao ni raia wa Tanzania kisheria. Mtu aliyesubiri zaidi ya miaka 40 kupata cheti, ukimfuata nyumbani na dodoso lililoandikwa "mkimbizi" juu yake, umemrudisha alikotoka kabla hujamsalimia. Andika "raia waliopata tajnisi" kwa hao, na "wakimbizi" kwa wale ambao kweli bado hawana hadhi hiyo. Maana nao wapo, watu ambao maombi yao yalikwama au hawakuandikishwa. Tofauti hiyo haitaonekana kwenye kanzidata yoyote mpaka wewe uiandike.

Utakapotaka kwenda uwanjani, kibali cha utafiti kinaanzia chuoni na COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na kama utaingia kambini huku Kigoma, utahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Omba mapema sana. UNHCR ina pia maktaba ya data za kaya ambazo majina yameondolewa. Unajaza fomu, unaeleza utazitumiaje, unasubiri. Njia ya mkato usiijaribu. Najua kutakuwa na rafiki anayefanya kazi kwenye shirika fulani atakayekwambia "nitakutolea orodha." Kataa. Orodha ya majina ya watu waliokimbia mauaji, ikiwa kwenye simu yako, ni hatari kwao hata kama wewe huna nia mbaya. Simu huibwa, faili husambaa. Tena tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za watu hawa ziheshimu kuliko sheria inavyokutaka.

Kwa wiki hizi mbili fanya haya tu. Chora upya grafu yako ya 2005 hadi 2015 ukiwa na safu zote, na chini ya kila mwaka andika kwa mkono kilichotokea: uandikishaji, uamuzi wa tajnisi, kufungwa kwa kambi ya Mtabila Desemba 2012, vyeti kugawiwa. Halafu chukua Hansard za bajeti za miaka hiyo uweke idadi zinazotajwa na waziri kando ya zile za UNHCR. Pale zinapoachana kwa zaidi ya elfu chache, zungushia duara. Nitumie karatasi hiyo hata kama ni picha ya simu, nikusaidie kuandika barua ya majibu kwa msimamizi wako tukianzia kwenye yale maduara.